Mtu wa Kompyuta Haendi Haja

Niliweka tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa "Maji ya kunywa yapo", na kwa sababu ya tiki hiyo mwanamke mmoja akapoteza nafasi yake ya kazi. Najua wapo walioharibu makubwa zaidi kwa kalamu. Lakini mimi nilisomeshwa hadi shahada ya pili, tena kwa jasho la watu wengine, ili nisije nikafanya kosa kama hilo.

Naishi Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, katika jengo la vyumba vya kupanga ambalo ukuta wake na wa jirani zimekaribiana hivi kwamba mtu mwembamba akipita katikati hutoka na chokaa mabega yote mawili. Dirisha langu linatazama ploti ambayo kwa mwaka mzima na zaidi ilikuwa ikijengwa. Mimi huandika makala. Nikimwambia mtu hivyo huniuliza, kwa upole, kazi yangu hasa ni ipi. Kwa hiyo huwa natafsiri pia: maelezo ya dawa, katiba za makanisa, masharti ya mikopo ambayo hakuna anayeyasoma. Hivyo ndivyo mtafiti alivyonipata. Aliambiwa kuna mzee Gatina mwenye Kiswahili cha vitabu.

Alikuwa msichana mpole, anasomea shahada ya uzamifu, na aliniita Mwalimu tangu alipovuka kizingiti, jambo lililonifanya nikubali kazi kabla ya kujua ni kazi gani. Alifungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya kulia chakula akanionyesha mtu. Mtu huyo alikuwa ameundwa kwa mirija: mrija wa kichwa, wa kiwiliwili, mirija ya mikono na miguu. Unamvisha nguo, unampa kazi, unamwekea jua, upepo na unyevu wa hewa, kisha kompyuta inapiga hesabu jinsi joto linavyopanda ndani ya mwili wake dakika baada ya dakika. Mstari ukiwa wa kijani, yuko salama. Ukiwa wa njano, apumzike. Ukiwa mwekundu, kazi isimame.

"Kwa hivyo hatuhitaji kumchosha mtu ndiyo tujue atachoka lini," alisema.

Niliipenda hiyo. Naipenda hata sasa, ikibidi niseme ukweli. Watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, huanguka kila mwaka na kila mwaka huambiwa ni uvivu, pombe au kutokula. Hatimaye, nikawaza, kuna chombo kisichoweza kumwambia mtu kwamba amelewa.

Nilitafsiri maswali yake. Nilikaa siku mbili nikipima kama niandike msongo wa joto, kero ya joto au mateso ya joto. Nilichagua msongo, kwa sababu mateso lilisikika kama neno la mlalamishi.

Ploti ya jirani ilikubali kupimwa kwa kuwa waliokuwa wakigharamia ujenzi walitaka karatasi ya usalama wa wafanyakazi. Nikashuka ngazi zangu na daftari. Siku hiyo walikuwa wanamwaga slabu, sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili, na asiyewahi kuona slabu ikimwagwa kwa mikono nimweleze. Chini kuna mashine ya kuchanganya zege. Kutoka hapo hadi juu kuna ngazi ya mbao, na juu ya ngazi hiyo wamesimama watu, mmoja kila hatua chache, wakipokezana makarai yaliyojaa zege. Karai linapanda likiwa limejaa, linashuka likiwa tupu. Wakishaanza hawaachi mpaka slabu iishe, maana zege lililoanza kukauka halishikani na lililo bichi. Ukitoka kwenye laini hiyo ya watu, aliye chini yako analazimika kurusha mzigo hatua mbili, na aliye juu kuinama hatua mbili. Kwa hiyo hakuna anayetoka.

Kila mtu ana nafasi yake. Ngumu kuliko zote ni ile ya kona, ngazi inapogeuka, kwa sababu hapo hupokei tu na kupitisha: unapokea, unageuka na mzigo, unapitisha. Aliyeshika kona ndiye anayepiga mwendo wa wote. Katika ploti ile kona ilikuwa ya mwanamke wa makamo kutoka mtaa wa Mashimoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu, mrefu, mwenye sauti ya kuita hata mtu aliye barabara ya pili. "Leta! Shika! Rudisha!" Mwenye kona hupigiwa simu wa kwanza slabu inayofuata ikifika. Wengine wakatafute getini alfajiri, wasukumane, yeye huitwa. Kwa kibarua, hiyo ndiyo ajira yote iliyopo.

Nilimhoji mashine ilipokwama. Alikuwa amevaa suruali chini ya sketi, sweta nzito ili karai lisimchune mikono, leso kichwani, viatu vya mpira. Midomo yake ilikuwa myekundu, na ya wenzake pia, kwa mabuyu waliyokuwa wakimumunya.

"Maji ya kunywa yapo?" nilisoma.

"Yako." Alielekeza kidevu kwenye pipa la samawati lenye jagi juu yake.

"Mnapumzika?"

"Si ndio hii tunapumzika?" alisema, wenzake wakacheka, na mimi nikaandika: *Ndiyo*.

Niliweka tiki. Pembeni, kwa ajili ya makala yangu mwenyewe, niliandika sentensi kuhusu wanawake wa mjengo na jinsi wanavyopenda vitu vitamu. Sentensi hiyo bado iko daftarini. Sijaifuta, nimeiacha iniaibishe.

Mtafiti akaingiza majibu. Hali ya hewa aliitoa katika kituo cha vipimo, mahali penye nyasi na upepo, pasipo na bati wala ukuta wa kurudisha jua. Mtu wa mirija akavishwa shati na suruali, akapewa maji ya kutosha na pumziko kila saa, akaanza kazi saa mbili asubuhi akiwa mpya kama aliyezaliwa pale getini. Mstari ukawa wa kijani hadi adhuhuri, na baada ya hapo njano kidogo tu. Foromani, msimamizi wa vibarua pale, akaomba nakala, akaibandika kwenye lango la mabati. Hakuuliza mstari ulikuwa wa nini. Kijani ni kijani.

Slabu ya ghorofa ya tatu ilimwagwa mwezi wa Februari. Nilikuwa dirishani na chai yangu, nikitafuta aya ya kwanza ya kitu fulani, nikaona kona imenyamaza. Sauti ndiyo iliyokatika kwanza. Kisha aliketi, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo, na karai likapita juu ya kichwa chake kwa sababu wa chini alikuwa amekwisha kulirusha. Makarai matatu au manne yalipita hivyo kabla mtu hajapiga kelele. Walimshusha wakiwa wamembeba miguu na makwapa, wakamlaza kwenye kivuli cha rundo la kokoto, wakammwagia maji ya lile pipa. Mashine haikuzimwa.

"Hakukunywa chai huyo," foromani alisema.

"Ama ana mimba," mwingine akasema.

"Na si joto, hiyo jueni. Kompyuta ilikuja hapa ikasema joto hakuna," foromani aliongeza.

Nilimsikia vizuri kabisa kutoka ghorofa ya tatu. Sikushuka. Nilijiambia kwamba wanaomhudumia ni wengi tayari.

Baada ya siku tatu alibisha mlango wangu. Alikuwa ameambiwa kwamba foromani hataki mgonjwa kwenye ngazi, kwamba asiitwe tena, na habari ya mgonjwa huenda mbio kuliko mgonjwa mwenyewe: foromani wa Kawangware wote wanajuana.

"Wewe ndio prof?"

"Mimi si prof hasa..."

"Wewe ndio uliandika mimi ni mgonjwa?"

"Sikuandika hivyo, mama. Niliandika tu hali ya joto."

"Uliandika joto hakuna. Haya. Kama joto hakuna, na mimi nimeanguka, nani ako na shida?"

Nilisomea mantiki chuoni, muhula mzima, nikapita vizuri. Nilimkaribisha chai.

"Sasa nenda uandike tena," alisema. "Na hii saa uandike vile iko."

Nilimpigia mtafiti simu. Nampa sifa, hakujitetea. Alisema kompyuta hupika kile inachopewa, na akauliza ni nini hatukuipa. Tulikubaliana tutembee na yule mwanamke asubuhi moja, tangu mlangoni kwake hadi getini, ijapokuwa getini hakuwa na kazi tena.

Tulimkuta Mashimoni kabla jua halijatoka, amekwisha kuteka maji mitungi miwili na kupika. Tukaanza. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya semina. Yeye alitembea kama mtu anayeshuka mteremko hata tulipokuwa tukipanda, na mimi nilikuwa nikiuliza maswali marefu ili asimame kujibu, lakini alijibu bila kusimama. Tulipofika Kianda, mtaa wa njiani, wenzake wawili walikuwa wakimngoja, na hapo, mbele ya choo cha kulipia, wote watatu wakapanga foleni.

"Ngojeni hapa," alituambia. "Hii ndio ya mwisho mpaka jioni."

Mtafiti aliniangalia. Nami nikamwangalia yeye, nikitumaini kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Pale kwa mjengo hakuna choo?" mtafiti aliuliza yule wa kona alipotoka.

"Wanaume wanaenda nyuma ya mchanga. Mimi niende nyuma ya mchanga, na watu wa ghorofa wananiangalia na madirisha?" Alisema hivyo bila kunitazama, nami nikawa na shughuli kubwa na kamba ya kiatu. "Na ukitoka geti, laini imekuacha. Ukirudi unakuta mtu kwa nafasi yako."

"Kwa hivyo maji..."

"Nikunywe hiyo maji niipeleke wapi? Sisi hatukunywi. Tunamumunya mabuyu, mdomo isikauke. Hatugusi hiyo pipa mpaka slabu iishe."

Hii ndiyo sheria yao, na walifundishana wao kwa wao kama wanavyofundishana kukunja leso: mjengo usio na choo, usinywe. Kila mwanamke wa laini ile aliijua. Mtoto wa kike akija mjengoni siku ya kwanza huambiwa hivyo kabla hajaonyeshwa karai. Mimi nilisimama mbele yao na karatasi nikiuliza kama maji yapo, nao wakanijibu kwa usahihi kwamba yapo.

Tulifika Gatina jua likiwa limeshapanda, tukaketi kwenye kokoto nje ya geti, mtafiti akafungua kompyuta magotini. Wanawake wengine wa laini wakasogea. Walipomwona mtu wa mirija walicheka kwanza.

"Huyu ndio alisema hakuna joto?"

"Huyu ndiye," mtafiti alijibu.

"Nani amempikia? Ako sawa sana."

Yule wa kona aliinama akamkagua toka kichwa hadi mguu, vile mama mkwe anavyokagua.

"Na huyu mtu wako," alimwuliza mtafiti, "yeye hukojoa wapi?"

Mtafiti alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Haendi haja," alisema.

Kicheko kilichofuata kilimtoa foromani getini kuona kuna nini, akarudi. Lakini mtafiti hakucheka. Alianza kubadilisha. Akamvua yule mtu shati, akamvisha sweta, suruali, sketi juu, leso kichwani, viatu vya mpira. Akamtembeza mwendo tuliotembea asubuhi ile ili afike getini mwili ukiwa umekwisha kupata moto. Akaondoa pumziko. Akaondoa upepo, maana kwenye kona kuna ukuta pande mbili. Mwisho akafika mahali pa maji, akaweka sufuri.

Mstari ukawa mwekundu kabla ya saa nne.

"Mimi nilianguka saa sita," mwanamke alisema baada ya kuelezwa. "Kwa hivyo inasema nilichelewa kuanguka."

Nikajiona nimemaliza kazi. Hapo ndipo ninapojishangaa zaidi. Nilimfuata foromani na ile picha nyekundu nikiwa nimetunisha kifua kama mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa kijana mwenye simu mbili na fulana ya kung'aa. Alitazama ule wekundu, akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Sawa, prof. Nimeelewa. Basi wanawake siku ya slabu hawaingii. Usalama kwanza."

"Hapana," mtafiti alisema. "Shida si wanawake. Shida ni choo. Wakiwa na choo watakunywa maji."

"Hapa imeandikwa choo wapi?"

Aliitazama karatasi, na mimi nikaitazama. Iliandikwa: *Hatari kubwa. Punguza muda wa kazi.* Kompyuta haikuwa na neno choo. Ilijua uzito wa pamba na mwendo wa upepo na jinsi ngozi inavyotoa jasho, na watu wengi wenye akili walikuwa wameketi miaka mingi kuifundisha hayo, na miongoni mwao wote hakuna aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo kunywa maji ni kosa ambalo utalilipia kabla ya saa tano.

Nilipandwa na hasira nikaanza kuhutubia. Nilisema udhalimu. Nilisema haki ya msingi. Nadhani nilisema hata *ilhali*.

"Mzee," foromani alinikatiza, "hiyo Kiswahili ya redio peleka redio."

Wanawake walikuwa wamesikia yote. Walikuwa wanane, na sasa wote wanane hawakuwa na slabu. Nilitoka nikamkuta yule wa kona amesimama palepale.

"Ulinitoa mimi peke yangu," aliniambia. "Sasa umetutoa sisi wote."

"Mama, nisamehe."

"Na siku ile unatuuliza maswali, wewe ukibanwa ulikuwa unaenda wapi?"

Sikutaka kujibu, lakini alingoja.

"Nyumbani kwangu," nikasema. "Pale juu."

Wote wakainua macho kutazama dirisha langu. Niliharakisha kusema kwamba siku ya slabu wanaweza kutumia choo changu, mlango nitauacha wazi.

"Ngazi tatu kupanda, tatu kushuka, na laini inangoja?" alisema mwanamke. "Choo ni pale kazi iko. Ama si choo."

Slabu ya nne ilifika baada ya wiki kadhaa. Asubuhi ile mashine ilikuwa inanguruma, magunia ya saruji yamefunguliwa, lori la kokoto limeziba njia yote hata boda boda wakawa wanatukana. Foromani alikuwa ameleta wanaume wa kujaza pengo. Baadhi yao hawakutokea. Kulikuwa na slabu nyingine mtaa wa pili. Waliotokea walikuwa na nguvu kuliko wale wanawake, lakini hawakuwa na mwendo. Wa chini alirusha kabla wa juu hajageuka. Karai la kwanza lilianguka katika dakika za mwanzo, la pili likamkosa fundi kidogo tu. Aliyewekwa kwenye kona akashuka akisema mkono umeteguka.

Wanawake walikuwa ng'ambo ya barabara, wameketi kando ya kibanda cha mboga. Walikuja bila kuitwa. Mimi pia nilikuwa nimeshuka, kwa mara ya kwanza bila daftari.

"Mathe!" foromani aliita kutoka getini, kama vijana wanavyowaita kina mama. "Kujeni! Ingieni haraka!"

Hakuna aliyeinuka.

"Choo," alisema yule wa kona.

"Leo? Saruji iko wazi!"

"Naiona."

"Tutaongea jioni, mathe, haki ya Mungu."

"Jioni nitakuwa nimeenda nyumbani. Mimi ni mgonjwa, si ulisema?"

"Unataka slabu ya mtu iharibike?"

"Mimi nimekaa tu hapa kwa mboga."

Foromani alitazama mashine, akatazama ngazi, akatazama saa ya simu moja kisha ya nyingine, kana kwamba mojawapo ingempa nafuu. Kisha akawageukia mafundi akapiga kelele. Shimo la maji taka la jengo lilikuwa limeshachimbwa na kujengewa pembeni mwa ploti. Lilikuwa limefunikwa kwa ubao tangu mwaka uliopita. Walisimamisha nguzo nne, wakapigilia mabati ya zamani, wakatoboa ule ubao, wakafanya mlango kwa mbao za kushikia zege. Ilichukua chini ya nusu saa. Ghorofa nne walizijenga zaidi ya mwaka, wakaweka na mabomba ya vyoo vya wapangaji ambao hawajulikani hata majina, vyoo viwili kila ghorofa, vigae vimeshanunuliwa. Nusu saa. Nilikuwa na hotuba tayari na hapakuwa na mtu wa kuhutubia, kila mtu alikuwa na kazi.

Mwanamke aliingia, akatoka.

"Hakuna kitasa ndani."

Fundi akakunja msumari.

Akaenda kwenye pipa, akajaza jagi, akanywa lote mbele ya foromani bila kupumua, akajaza la pili. Akafunga leso vizuri, akapanda hadi kwenye kona. "Leta!" akaita, na makarai yakaanza kupanda. Adhuhuri ilipofika nilimwona akishuka, akiingia, akitoka. Wa hatua ya juu alikuwa ameshuka kushika kona kwa muda, na laini haikufa. Jambo lililodaiwa kwamba haliwezekani lilichukua dakika mbili.

Mtafiti aliniuliza kwa simu jambo la choo aliandike vipi katika ripoti yake. Nikamwambia kama programu haina nafasi, aandike kwa maneno, na ayaweke mwanzoni. Aliandika. Sijui kama kuna atakayeyasoma, maana watu hutazama rangi.

Slabu iliisha jua likizama. Wanaume walikuwa wakiosha makarai, wanawake wakinawa miguu. Foromani alimtuma fundi na nyundo.

"Toa hizo mbao. Ni za ghorofa inayofuata."

Fundi alishika mlango, ukagoma.

"Kuna mtu!" ilisikika sauti ya kona kutoka ndani.

Fundi akangoja. Mlango ukafunguka, na kabla hajainua nyundo mwanamke mwingine akaingia, msumari ukageuka. Kuna mtu. Akatoka huyo, akaingia wa tatu, kwa utaratibu ule ule wa laini, bila kusukumana. Wa nne alikaa sana, nikamsikia akiimba huko ndani. Alipoingia wa tano fundi aliketi chini akacheka, akaweka nyundo kando. Foromani alisimama mikono kiunoni. Walikuwa wanane, na yule wa kona alikuwa amerudi tena mwisho wa foleni.

"Wacha," foromani alimwambia fundi hatimaye. "Tutatafuta mbao zingine."

Mwanamke akamsogelea, ndoo yenye viatu vyake mkononi. "Slabu ya tano ni lini?"

"Wiki tatu."

"Utanipigia?"

Foromani alitazama kando, kwenye lango lake.

"Nitakupigia, mathe."

"Nipigie sasa nione kama namba ni ile," alisema, akatoa simu yake kifuani, akasimama hapo mpaka ilipolia.